Nilimfundisha Kuuliza, Sikumfundisha Kula

Mpendwa Mshauri,

Nimekuwa mwalimu kwa miaka 22. Kwa miaka 17 kati ya hiyo nimefundisha falsafa ya kale katika madarasa mawili ya juu ya shule yetu, vipindi vitatu kwa wiki, na katika muda wote huo hakuna kiongozi wangu aliyewahi kuniuliza kwa nini somo hilo lipo. Nililikuta, nikalipenda, nikadhani litakuwepo hata baada yangu. Mwanzoni mwa mhula huu mkuu wa shule aliniita ofisini akanieleza, kwa upole ambao siwezi kuulalamikia, kwamba kamati ya taaluma inafikiria kuviondoa vipindi hivyo na kuvipa somo la kompyuta na takwimu, ambalo wazazi wengi wameliomba. Aliniomba niandike maoni yangu katika kurasa chache, kwa kuwa mimi ndiye nilijuaye somo hili kuliko wenzangu, na akaniahidi kwamba lolote litakaloamuliwa sitapoteza kazi, maana nitabaki na vipindi vyangu vya lugha. Nimepewa wiki sita.

Niliposikia kwamba ajira yangu iko salama nilishusha pumzi. Kisha, nikiwa njiani kurudi darasani, niligundua kwamba moyoni nilikuwa na furaha ndogo iliyozidi ile ya kubaki na mshahara. Ilikuwa kama furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Furaha hiyo imenitisha kuliko habari yenyewe, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Nadhani najua chanzo chake. Miaka sita iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti mtulivu ambaye hakuwa wa kwanza darasani lakini hakuwa akiliacha jambo kabla halijamwelea. Tulisoma pamoja mazungumzo ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaitwayo Meno, pale Socrates, mwalimu wake, anapomwita mtumwa kijana wa nyumba ya Meno na kumtaka achore mraba wenye eneo mara mbili ya ule aliochorewa. Darasa lilicheka kijana alipokosea. Yule binti hakucheka. Kengele ilipolia alibaki kwenye dawati akichora miraba, halafu akaniuliza, “Mwalimu, huyu mtumwa baada ya hapo alikwenda wapi?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Alipomaliza shule alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia. Alikuja kuniomba ushauri kwa sababu alitaka kusoma falsafa badala yake, na mimi, nikiwa nimesimama mlangoni na madaftari mkononi, nilimwambia afuate kile kinachomkosesha usingizi. Akafuata. Amehitimu kwa alama nzuri, na kwa miaka miwili sasa anafanya kazi katika ghala moja, akiandika mizigo inayoingia na inayotoka, kwa mshahara mdogo. Mwaka jana nilikutana na mama yake. Hakunipigia kelele wala hakunivunjia heshima. Aliniambia tu, “Mwalimu, ulimfundisha mwanangu kuuliza, hukumfundisha kula.”

Tangu siku hiyo, kila nikisimama mbele ya darasa naisikia sauti ya mama yule chini ya sauti yangu. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniuliza kwa nini tumsome Aristotle ilhali aliandika kwamba wako watu walio watumwa kwa maumbile yao. Nilimjibu kwamba katika zama zake kila mtu aliamini hivyo, nikaendelea na somo. Nilimwona akifunga daftari. Zamani nisingemjibu vile.

Mwenzangu anayefundisha hisabati, ambaye ni rafiki yangu wa kweli, husema watoto watasoma falsafa wakishashiba. Mke wangu ananiambia niandike ukweli. Lakini ukweli upi? Nikilitetea somo, naogopa kwamba natetea mapenzi yangu mwenyewe kwa gharama ya watoto wa watu. Nikikubali liondolewe, naogopa kwamba namkimbia mama yule. Je, falsafa ya watu waliokufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ina thamani gani kwa kijana wa leo anayetafuta riziki? Na je, mtu kama mimi bado ana haki ya kuitetea?

Wako,
Mwalimu wa Vipindi Vitatu


JIBU

Mwalimu mpendwa,

Ahsante kwa barua yako, na ahsante zaidi kwa kukiri ile furaha ndogo ya njiani, maana wengi wangeificha hata kwao wenyewe. Nimeisoma barua mara tatu. Ninavyokuelewa, umeombwa kujibu swali la ratiba, yaani vipindi vitatu vya wiki vitumike kwa nini, nawe kila ukishika kalamu unajikuta unajibu swali jingine, lile la mama wa mwanafunzi wako. Maswali haya mawili yamesokotana kama kamba, na yamkini usiweze kuandika hata ukurasa mmoja wa kweli kwa kamati kabla hujayatenganisha. Basi niruhusu nianze na lile ambalo hukuombwa kulijibu.

Sentensi ya mama yule imekuchoma kwa sababu ina ukweli ndani yake, na wa kwanza kukubali hivyo wangekuwa hao hao wazee unaowafundisha. Unamkumbuka Callicles katika Gorgias, mazungumzo mengine ya Plato. Anamwambia Socrates ana kwa ana kwamba falsafa ni jambo la kupendeza likiguswa kwa kiasi katika ujana, bali mtu akikaa nayo kupita kiasi humwangamiza, akabaki mtu mzima aliyejikunyata pembeni akinong’ona na vijana watatu au wanne, asiyejua sheria za mji wake wala namna ya kujitetea siku akikamatwa. Nadhani hakuna mzazi wala kamati iliyowahi kusema jambo hili kwa ukali zaidi, na Plato, ambaye angeweza kulifuta, aliliandika lote kwa nguvu zake zote. Socrates naye hakumfukuza Callicles. Alimwambia kwamba amepata bahati ya kukutana na mtu mwenye maarifa, nia njema na ujasiri wa kusema wazi. Ningependa umtazame mama yule kwa jicho hilo. Alikuja kwako akiwa na mambo mawili kati ya hayo matatu, na huenda yote.

Hata lile la kumlaumu mwalimu kwa yaliyompata mtoto lina umri mrefu. Mwaka 423 KK Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, alionyesha mbele ya watu wa Athens mchezo kuhusu baba mwenye madeni anayempeleka mwanawe kwa Socrates ajifunze ufundi wa maneno, na kijana anarudi nyumbani akampiga baba yake na kumthibitishia kwa hoja kwamba ni haki kumpiga. Miaka 24 baadaye, katika kesi iliyomuua, Socrates alisema kwamba wale waliomchafua zamani kwa michezo kama hiyo walimtisha kuliko waliomshtaki siku ile. Utetezi wake unaujua: kwamba hakuwa kamwe mwalimu wa mtu, na kwamba akitokea msikilizaji wake akawa mwema au mbaya, si haki yeye kubebeshwa. Kwa heshima yote ninayompa mzee yule, sioni kama jibu hilo linakutosha wewe. Yeye hakupokea ada wala hakupewa darasa. Wewe ulikabidhiwa watoto na wazazi wao, na binti alipokuja mlangoni pako hakuja kwa mpita njia. Alikuja kwa mwalimu wake.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba huna sehemu katika jambo hili. Ninachokuomba ni uitazame sehemu yako kwa makini zaidi, ujue ni ipi. Je, kosa, kama lipo, lilikuwa kumfundisha falsafa? Au lilikuwa kumjibu kwa sentensi moja, umesimama mlangoni na madaftari mkononi, kijana aliyekuwa akiuliza kuhusu maisha yake? Kile ambacho kingemfaa dakika ile ndicho ulichokuwa ukikifundisha: kukaa chini, kumuuliza anamaanisha nini anaposema anaitaka falsafa, anadhani ufamasia utamnyima nini, nani atabeba gharama, na kama mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika maisha ya mtu mmoja. Ibn Sina alikuwa tabibu, na Ibn Rushd alikuwa tabibu na kadhi, na wote wawili, wanafalsafa wakubwa wa ulimwengu wa Kiislamu, walimsoma Aristotle maisha yao yote. Ninaloliona, Mwalimu, ni kwamba siku ile falsafa ilipungua, nawe tangu mwaka jana umekuwa ukijilaumu kana kwamba ilizidi.

Wala waanzilishi wake hawakudhani kwamba inafaa kumiminwa kwa kijana bila tahadhari. Katika kitabu cha saba cha Jamhuri, Plato anawazuia vijana wasiguse sanaa ya mabishano mpaka wafikishe miaka 30, kwa sababu anasema wakiionja mapema huwa kama watoto wa mbwa, wanaofurahia kurarua kila anayewakaribia. Aristotle naye anasema kijana si msikilizaji afaaye wa mambo ya maadili na siasa, kwa kuwa hajayaonja maisha ambayo hoja hizo zinatoka humo, ingawa anaongeza upesi kwamba upungufu huo unaweza kuwa wa tabia pia na si wa umri tu. Nayaleta haya kwa kuwa barua yako inaonekana kudhani kwamba kulitetea somo ni kulitetea kama lilivyo, kwa umri uleule, kwa vipindi vilevile. Sidhani unalazimika.

Sasa nije kwenye thamani, kwani ndilo utakaloulizwa na kamati.

Iko njia rahisi, nami najua utajaribiwa kuifuata. Ni ya kuwaonyesha kwamba falsafa ya kale inaleta faida zilezile wanazozitafuta kwenye kompyuta. Hoja hii si ya uongo. Mwanahisabati George Boole mwaka 1854 aliiandika mantiki kwa alama za aljebra, akiendeleza kazi ambayo Aristotle aliianza, na mwaka 1937 kijana aitwaye Claude Shannon, ambaye alikuwa amekutana na aljebra hiyo katika kozi ya falsafa chuoni, alionyesha kwamba kwa njia hiyo mtu anaweza kusanifu saketi za swichi za umeme. Kila mashine itakayowekwa katika darasa lako jipya inapita katika mstari huo. Waambie, wanastahili kujua. Lakini iangalie hatari yake: ukishaliweka somo kwenye mizani ya manufaa umekubali mizani hiyo, na mwakani likija somo zito zaidi kwenye kitanga kile hutakuwa na neno. Isitoshe, mkuu wako anaweza kukujibu kwa haki kwamba mtoto atajifunza aljebra ya Boole upesi zaidi bila kupitia kwa Aristotle.

Iko na njia ya pili, ya kusema kwamba falsafa haihitaji kuwa na faida nje yake yenyewe. Aristotle mwenyewe anasema ilianza katika kustaajabu, na kwamba watu waliitafuta baada ya kupata mahitaji ya lazima, ndiyo maana anaiita elimu iliyo huru. Utaona kwamba rafiki yako wa hisabati, anaposema watoto watasoma wakishashiba, amesema jambo lilelile bila kujua, na kwamba hoja hii, nzuri kama ilivyo, ikisemwa mbele ya mama ambaye binti yake anaandika mizigo ghalani, inasikika kama maneno ya aliyekwisha kula.

Hata hivyo napenda kuliuliza swali hilo la kushiba, maana historia ya somo lako hailiungi mkono moja kwa moja. Inasimuliwa kwamba Cleanthes alifika Athens akiwa na drakma nne tu, akawa anachota maji ya bustani usiku ili mchana asome kwa Zeno, mwanzilishi wa shule ya falsafa ya Wastoa, na ndiye aliyekuja kuirithi shule hiyo. Epictetus, Mstoa mwingine, alizaliwa mtumwa. Mwaka 1995 mwandishi wa Marekani, Earl Shorris, alianzisha New York mafunzo ya falsafa, mantiki, sanaa, historia na ushairi kwa watu maskini, baada ya mazungumzo na mwanamke mfungwa aliyemshawishi kwamba umaskini una upande ambao hautibiwi kwa kufundishwa kazi peke yake. Walimsoma Plato. Sisemi kwamba Plato aliwalisha. Nasema tu kwamba wale walioishi na njaa hawakukubaliana daima na waliowaamulia kwamba wasubiri mpaka washibe.

Lakini, Mwalimu, kuna mahali katika barua yako ambapo thamani ya somo imekaa waziwazi kuliko katika hoja zote hizi, nawe umepapita kwa mistari minne. Ni yule kijana na Aristotle.

Ulimwambia kwamba zama zile kila mtu aliamini hivyo. Rudi kwenye kitabu cha kwanza cha Siasa, andiko lake. Kabla Aristotle hajaleta dai lake kwamba wako walio watumwa kwa maumbile, anataja kwamba wako watu wanaosema kinyume: kwamba kumtawala mtu kama mtumwa ni kinyume cha maumbile, kwamba ni sheria tu ya wanadamu iliyomfanya huyu mtumwa na yule huru, na kwamba kwa hiyo si haki, kwa kuwa utumwa umesimama juu ya nguvu. Hakutaja majina yao. Lakini walikuwepo, aliwasikia, aliona hoja yao ni nzito kiasi cha kuhitaji kujibiwa, akaijibu vibaya. Hebu fikiria yule kijana angepewa kurasa hizo mbili badala ya sentensi yako. Angemwona mmoja wa watu wenye akili kubwa kabisa waliopata kuandika, mtu aliyeasisi mantiki, akiitumia mantiki hiyo kusimamisha jambo lililomfaa yeye na watu wa tabaka lake. Angejifunza kutafuta mahali hasa hoja inapovunjika, na pengine angetoka darasani akijiuliza ni mambo gani tunayoyaita ya kimaumbile leo kwa sababu yanatufaa. Hakuna haja ya kumheshimu Aristotle ili kuyapata hayo, wala kumtupa.

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini watu wa kale, wakati kijana angeweza kusoma vitabu vya jana. Wako mbali nasi vya kutosha kwamba makosa yao tunayaona bila kujitetea, na wako karibu vya kutosha kwamba maswali yao bado ni yetu. Tena si mali ya taifa moja. Maandiko hayo yalihamia katika Kiarabu kwa kazi ya watafsiri kama Hunayn ibn Ishaq wa karne ya 9, yakajadiliwa na kupingwa kwa karne kadhaa, na mengi yakafika Ulaya ya Kilatini kwa kutafsiriwa kutoka Kiarabu. Sisi wenyewe tunaposema “falsafa” tunatamka neno la Kigiriki lililopita katika midomo ya Waarabu. Wanafunzi wako wanaodhani kwamba wanasoma wazee wa watu wengine wangefurahi kuambiwa hilo.

Ukiona kwamba ninaegemea upande wa somo, umeona sawasawa, na ni vizuri ulijue unapopima maneno yangu. Ila kulipenda somo hakunifanyi nijue shule yako inahitaji nini. Kompyuta na takwimu si adui wa mtoto. Kijana asiyeweza kusoma jedwali la takwimu leo anaweza kudanganywa kwa urahisi uleule wa yule asiyeweza kusoma hoja, na wazazi walioomba somo hilo hawakukosea kuomba.

Yapo unayoweza kuyaandika, basi, na kila moja lina bei yake. Unaweza kuomba vipindi vyote vitatu vibaki, na kama utaomba hivyo, nadhani itakubidi uwaambie pia utabadilisha nini, maana aliyeandika barua hii hafundishi tena kwa moyo aliokuwa nao, na kamati inaweza kulinda vipindi lakini haiwezi kumrudishia mwalimu moyo wake. Unaweza kupendekeza kipindi kimoja, pengine kwa darasa la mwisho peke yake, cha kusoma andiko fupi moja kwa mhula mzima badala ya kupita juu ya majina na tarehe. Hapo utapoteza upana, na huenda ukajikuta miaka mitatu baadaye unakitetea hicho kimoja. Unaweza kuligeuza kuwa chama cha baada ya masomo, ambacho watakuja wale tu ambao tayari nyumbani kwao kuna vitabu, na wale kama Cleanthes, wenye kazi za jioni, hawatakuja. Na unaweza kukubali somo liondoke, kisha uombe roho yake iingizwe katika masomo mengine: Meno katika hisabati ya rafiki yako, zile kurasa za utumwa katika historia. Hili lina uzuri wake, ila jambo linaloachiwa walimu wote huishia kutofundishwa na yeyote, hasa mitihani inapokaribia.

Kuhusu ile furaha ndogo, usiharakishe kuihukumu. Umeisoma kama ushahidi kwamba huliamini tena somo lako. Huenda ni hivyo, na kama ni hivyo, kamati inastahili kuambiwa. Lakini mtu hufurahi pia anapoona njia ya kuacha kuumia. Namna ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili ni kujiuliza: ungeambiwa leo kwamba yule binti ameridhika na maisha yake, bado ungetuliwa mzigo kwa kusikia kwamba vipindi vinaondoka?

Hapo ndipo ninapotaka kukuonyesha jambo ambalo nililiona niliposoma barua mara ya tatu. Ndani yake mkuu wa shule anasema, rafiki yako anasema, mke wako anasema, mama anasema. Binti anasema mara moja tu, miaka sita iliyopita, anapouliza mtumwa alikwenda wapi. Baada ya hapo anazungumziwa. Umelipokea neno la mama kama hukumu ya binti, na umechukua kazi ya ghala kama jibu la mwisho la swali ambalo yeye, mwenye miaka ishirini na kitu, huenda bado analifanyia kazi. Inawezekana anakulaumu, tena kwa ukali kuliko mama yake. Inawezekana pia kwamba anaijua thamani ya alichokisoma kwa namna ambayo wewe na mimi, tuliokula mishahara kwa maneno haya, hatuwezi kuijua. Nakubali kwamba kumtafuta kuna hatari: unaweza kumfanya ajione ameshindwa kwa kumjia na huruma, au ukamtwika kazi ya kukusamehe ambayo si yake. Kwa hiyo usiende kuomba msamaha kwanza, wala kujitetea.

Nenda na swali lake. Yule kijana wa nyumba ya Meno alijibu kwanza kwamba urefu wa upande uongezwe mara mbili, kutoka futi 2 hadi 4, akapata eneo la 16 badala ya 8. Akajaribu 3, akapata 9. Akakiri kwamba hajui, na Socrates akamwambia Meno kwamba ganzi ile, kama ya samaki taa, haikumdhuru. Kisha akaupata mraba wake kwenye ulalo, yaani mstari wa kutoka kona hadi kona. Baada ya hapo hasikiki tena. Mazungumzo yanarudi kwa Meno, na baadaye anayejiunga nao ni Anytus, mmoja wa wale watakaokuja kumshtaki Socrates. Mwanafunzi wako, akiwa na miaka kumi na kitu, aliona kwamba elimu ilimpita mtu huyo mikononi na hakuna aliyeuliza ilimfaa nini, na hilo ndilo swali ambalo kamati imekuuliza wewe sasa. Mwambie kwamba hujapata jibu mpaka leo, mwulize yeye analionaje sasa, halafu nyamaza umsikilize. Ukirudi ndipo uandike kurasa zako.

Niandikie tena ukishaonana naye.

Mshauri wako